Wasomaji Wauliza: Mbona Wafanyakazi Hawakai?

Safu ya mwezi huu tumeiachia barua nne zilizotufikia kutoka pande mbalimbali za Mombasa, zote zikihusu jambo moja: kwa nini wafanyakazi huondoka, na mkuu wa kazi ana mkono gani katika kuondoka kwao. Majina ya waandishi na ya mahali wanapofanyia kazi tumeyahifadhi kwa ombi lao.

Swali: Assalaam aleikum, mshauri. Mimi ni mwenye hoteli ya kiasi upande wa Nyali. Kila mwaka, wageni wanapopungua baada ya Pasaka, hupoteza wahudumu wa mezani na wapishi wazuri, na wanaobaki ni wale ambao, Mungu anisamehe, ningependelea waondoke wao. Mwaka jana niliongeza mishahara. Walishukuru, wakapokea, na kabla masika hayajesha wawili wa jikoni na watatu wa ukumbini walikuwa wamehamia hoteli za Diani kwa mshahara uleule. Nikiwauliza, kila mmoja hunijibu kuwa ana mambo ya nyumbani. Msimamizi wangu, ambaye ndiye apangaye zamu za ukumbi na za jikoni, ni hodari na nimekaa naye miaka mingi. Yeye aniambia vijana wa siku hizi hawana subira. Je, ni kweli? Nifanye nini? — Mwenye hoteli, Nyali

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Nianze na hilo la subira, kwa sababu barua yako yenyewe imelijibu. Mtu anayetoka Nyali kwenda Diani kwa mshahara uleule hapati faida yoyote ya fedha. Atavuka feri na mizigo yake, atatafuta chumba kipya, atalipa kodi ya mwezi wa kwanza kabla hajapokea senti, na ataanza upya mbele ya watu asiowajua. Anayeikubali gharama hiyo hakukosa subira. Kuna kitu alichokuwa akikikimbia, na kwa kuwa waliondoka jikoni na ukumbini pia, ningekitafuta mahali ambapo idara hizo mbili zinakutana, yaani kwa huyo apangaye zamu.

Jibu la mambo ya nyumbani usilitegemee sana. Hoteli za pwani yetu, kuanzia Diani hadi Malindi, zajuana. Meneja wa huku humpigia simu meneja wa kule, na mfanyakazi analijua hilo tangu siku ya kwanza. Anayeondoka anahitaji neno lako jema huko aendako, kwa hiyo atakuaga kwa adabu na ukweli ataondoka nao. Waulize waliobaki, mmoja mmoja, wewe mwenyewe, msimamizi akiwa hayupo, wala usiwaulize kama wanaridhika, kwani watakuambia alhamdulillahi. Uliza ni siku gani katika mwezi uliopita walipofikiria kuacha kazi, na siku hiyo kulitokea nini.

Kwamba wazuri hutangulia si bahati mbaya. Mwanauchumi Albert Hirschman, katika maandishi yake ya mwaka 1970, alieleza jambo aliloliona Nigeria: shirika la reli lilizidi kuzorota ingawa malori yalikuwa yakilinyang'anya wateja, kwa sababu wateja wakali, ambao wangepiga kelele mpaka mambo yarekebishwe, ndio waliokuwa wa kwanza kuhamia kwenye malori. Reli ikabaki na wasiosema. Mpishi wako anayeijua kazi yake ana pa kwenda, naye ndiye ambaye angekuonyesha kasoro ilipo. Asiye na pa kwenda hubaki akanyamaza, na kimya chake wewe wakihesabu kuwa ni utulivu.

Sasa omba uletewe ratiba za zamu za miezi mitatu iliyopita, ukae nazo peke yako. Mimi naamini karatasi hiyo yasema mengi kuliko orodha ya mishahara. Tazama ni nani aliyefunga ukumbi saa tano usiku kisha akaandikwa kuandaa kifungua kinywa saa kumi na mbili asubuhi, na ni mara ngapi. Tazama zamu zilizokatwa katikati, za asubuhi hadi saa tano na tena kuanzia saa kumi na mbili jioni: anayekaa Kisauni huenda nyumbani akajinyoosha, lakini anayekaa Likoni, ukijumlisha matatu mbili na foleni ya feri, hushinda nyuma ya jikoni amekalia kreti ya soda akingoja jioni, na kwa saa hizo halipwi. Tazama Ijumaa na Jumapili za mapumziko humwangukia nani. Ukikuta majina mawili matatu hayapati Jumapili kamwe na mengine hayaikosi, ujue kila aisomaye ratiba hiyo ukutani ameshaelewa nani anapendwa na nani hapendwi.

Ramadhani ni kipimo kizuri zaidi. Jua linapokuchwa ndipo wageni wanapoanza kushuka kwa chakula, na ndipo sehemu kubwa ya wahudumu wako wanapotaka kufuturu. Msimamizi mwenye ufundi wa kuishi na watu hulipanga mapema: hutenga robo saa kwa kupokezana, huwaomba Wakristo waliopo washike ukumbi kwa muda huo, na Desemba inapofika huwakumbusha Waislamu warudishe wema ili walio na jamaa bara wapate walau siku mbili za Krismasi. Haligharimu shilingi. Asiye na ufundi huo humwacha kijana na tende yake mfukoni huku akimimina sharubati ya mgeni, na kijana huyo, hata ukimwongezea mshahara, jioni ile hataisahau.

Chunguza pia makosa yanavyosahihishwa. Glasi ikivunjika, aliyeivunja hukemewa mbele ya wageni? Hukatwa mshahara? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Glasi iliyomteleza mtu ukumbi ukiwa umejaa haimo humo. Sanduku la bakshishi, nalo, lifunguliwe mbele ya watu wasiopungua watatu, na hapo sina la kuongeza.

Lakini kuna jambo ambalo ningeliweka juu ya haya yote, nalo ni lako wewe, si la msimamizi. Kila mtu hotelini anajua kwamba baada ya Pasaka vyumba vitakuwa vitupu. Asichokijua ni kama yeye mwenyewe atakuwamo kazini mwezi wa Mei. Usipomwambia, ataanza kutafuta Februari, na akiitwa kwingine Machi hatakungoja. Nyongeza ya mshahara hailijibu swali hilo. Waite mapema, uwaambie ni nani watakaoendelea, ni nani mtakaokubaliana wachukue likizo zao za mwaka wakati huo, ambazo kisheria hazipungui siku 21 za kazi kwa malipo kamili, na ni nani ambao mikataba yao itakwisha. Hao wa mwisho watahuzunika, ila watakuwa na muda wa kujipanga, na wale uliowahakikishia hawatakuwa na haja ya kutuma barua za maombi usiku.

Msimamizi wako usimfukuze. Uhodari wake wa kazi ni wa kweli, na aghalabu watu wa namna yake walipandishwa cheo kwa kubeba sahani vizuri bila mtu kuwafundisha kubeba watu. Mpunguzie mamlaka. Mwaka 1913 kiwanda cha magari cha Henry Ford huko Highland Park, Marekani, kilikuwa na nafasi zipatazo 14,000, na ili zisibaki wazi kiliajiri watu wapatao 52,000 katika mwaka huo mmoja. Wengi wanaukumbuka mshahara wa dola tano kwa siku uliotangazwa Januari 1914, nao kweli uliwatuliza watu. Wachache wanakumbuka kwamba miezi michache kabla ya hapo kampuni iliwanyang'anya wanyapara mamlaka ya kumfukuza mtu papo hapo, ikayapeleka kwa idara ya ajira. Nawe fanya hivyo kwa kiasi chako: ratiba ibandikwe wiki mbili mbele, wafanyakazi waruhusiwe kubadilishana zamu wao kwa wao kwa kutia sahihi tu, na barua ya onyo isitoke kabla wewe hujamsikiliza anayeonywa. Kuhusu semina za siku moja, zenye chai, sambusa na cheti mwishoni, siziamini sana. Afadhali ukae ukumbini jioni nzima, umtazame akifanya kazi, kisha faraghani umweleze jambo moja tu uliloliona kwa macho yako, na baada ya wiki urudi kuona kama limebadilika.

Wala usije ukadhani kwamba tabasamu litashika mahali pa mshahara. Kama Diani wangekuwa wanalipa zaidi, ningekuandikia jibu jingine.

Swali: Nina miaka thelathini na moja, na mwaka huu nimefanywa msimamizi wa makarani katika ofisi ya wakala wa forodha hapa mjini. Wengi ninaowasimamia wamenizidi umri, na mmoja, mzee wa watu, ndiye aliyenifundisha kazi. Tangu nianze, wawili wameacha. Mkurugenzi aniambia niwe mkali zaidi. Wenzangu wa zamani wasema nimebadilika. Juzi kontena la mteja lilikaa bandarini likilimbikiza gharama kwa sababu karani alikosea hati, kisha akalificha kosa hilo siku tatu. Nilimfokea mbele ya wote. Nilifanya vibaya? — Bi. S., Tudor

Jibu: Bi. S., tutenganishe mambo mawili. Karani alikosea, kisha akaficha, na ni kule kuficha kulikomgharimu mteja, kwa maana kosa la hati likisemwa siku hiyohiyo aghalabu hurekebishika kabla gharama za bandari hazijapanda. Basi jiulize kwa nini alinyamaza siku tatu, na atakayekosea mwezi ujao, baada ya kuyaona yaliyompata mwenzake, atanyamaza siku ngapi.

Mtafiti Amy Edmondson wa Marekani, katika miaka ya 1990, alichunguza makosa ya utoaji wa dawa katika wodi za hospitali. Alitarajia kwamba wodi zenye uongozi mzuri zingekuwa na makosa machache. Hesabu zikamwonyesha kinyume, kwamba ndizo zilizoandikwa makosa mengi zaidi. Alipolifuatilia, maelezo yaliyojitokeza ni kwamba katika wodi hizo watu waliyasema makosa yao, ilhali pale mkuu alipoogopwa yalifichwa. Ofisi yako inafanya kazi ya tarakimu, na makosa ya tarakimu hayaishi. Unachoweza kukichagua ni kuyasikia saa nne asubuhi au kuyasikia mteja anapopiga simu.

Kwa hiyo ndiyo, ulifanya vibaya, lakini halijaharibika jambo. Mwite karani, umwambie kwamba kuficha kosa ni jambo zito na litafuatwa na hatua zake, ila kufokewa mbele ya watu hakukumstahili; kisha useme hivyo hivyo mbele ya wale waliosikia. Kama hatua hizo zaweza kufika kwenye kuachishwa kazi, kumbuka kwamba kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira chataka aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, na asikilizwe kabla ya uamuzi. Ukali anaoutaka mkurugenzi uupeleke kwenye utaratibu: hati isitoke kabla haijapitiwa na jicho la pili, na utaratibu huo usiwe na msamaha kwa mtu yeyote, wewe ukiwamo.

Kuhusu mzee aliyekufundisha, cheo hakiondoi shikamoo. Ukitaka kubadilisha jambo, nenda wewe mezani kwake umwombe shauri kabla hujatangaza, kwa kuwa akilisikia pamoja na vijana mkutanini ataona umemvunjia heshima, na makarani wengine watamwangalia yeye kabla ya kukutii wewe. Akikosea, msahihishe mlango ukiwa umefungwa. Kumsitiri hakumaanishi kumwachia kosa lipite. Vijana wanatazama kama sheria ya jicho la pili inamhusu na yeye, na wakiona haimhusu, utakuwa umewapa sababu ya kukudharau wewe na kumchukia yeye.

Kuna jambo moja hukuliandika, nami nalishuku. Wale wawili walioacha, je, walikuwa wakikitarajia cheo ulichopewa? Ikiwa ndivyo, huenda hawakukukimbia wewe. Mtu mwenye miaka mingi kazini akipitwa na mdogo wake bila kuelezwa sababu na bila kuonyeshwa njia yake mwenyewe iko wapi, huanza kuondoka siku hiyo ingawa barua huja baadaye. Kuwaita na kuwaeleza ilikuwa kazi ya mkurugenzi kabla ya kulitangaza jina lako. Mwombe afanye hivyo sasa kwa waliobaki, kwa maana huenda hao wawili hawakuwa peke yao.

Na hilo la kwamba umebadilika ni kweli, ulipaswa kubadilika. Kaa nao wakati wa chakula kama zamani, ila mazungumzo ya kumsema asiyekuwapo usiyashiriki tena.

Swali: Nina tanuri la mikate Kongowea. Mwokaji wangu mkuu ameniletea barua ya kuacha kazi, ameitwa kwingine. Nimwongezee mshahara abaki? — Baba Juma, Kongowea

Jibu: Baba Juma, inategemea kilichomwandikisha barua. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Washington, Thomas Lee na Terence Mitchell, walieleza mwaka 1994 kwamba wengi hawaachi kazi kwa kuchoka polepole, bali kuna tukio moja lililowashtua likawafanya wajiulize wanangoja nini: kunyimwa ruhusa ya kwenda kuzika, kusikia kwamba mgeni analipwa zaidi, simu kutoka kwa mwajiri mwingine. Keti naye ulijue tukio hilo kabla hujataja fedha. Ikiwa ni simu tu na kwako alikuwa ameridhika, nyongeza yaweza kumshika, lakini wenzake watajifunza kwamba kwako nyongeza hupatikana kwa barua, kwa hiyo angalia mishahara yao pia wiki hiyohiyo. Ikiwa ni jambo la kudhalilishwa, fedha zako zitamweka mpaka atakapopata pengine tena. Mwombe basi amfundishe mwingine katika siku za notisi zilizobaki, na umlipe vizuri kwa kazi hiyo.

Swali: Niliandika notisi ya mwezi mmoja kwa heshima. Tangu hapo mkuu wangu haitikii salamu zangu, amenitoa katika kundi la WhatsApp la ofisi, na amesema mbele ya wenzangu kwamba cheti cha kazi sitakipata. Nimefanya kazi hapo miaka minne. Je, ana haki? — Msomaji, Changamwe

Jibu: Hana. Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria yataka notisi ya maandishi ya siku 28, nawe umetoa zaidi. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira chamlazimu mwajiri kumpa cheti cha utumishi kila aliyefanya kazi kwa wiki nne mfululizo au zaidi: jina na anwani ya mwajiri, jina lako, aina ya kazi na mahali ulipoifanyia, siku uliyoanza na siku uliyomaliza. Halazimiki kukusifu wala kueleza tabia yako. Barua ya sifa ni hiari yake, na hiyo usimsumbue kuidai.

Mkuu wako anadhani anakuadhibu wewe, na wewe unaondoka. Wanaoipokea adhabu hiyo ni wenzako wanaobaki, ambao sasa wamejua siku yao itakavyokuwa. Mmoja wao akipata kazi nyingine, hataandika notisi kama ulivyoandika. Atapokea mshahara wa mwisho wa mwezi, azime simu, na Jumatatu kiti kitakuwa kitupu. Ikiwa mkuu huyo anausoma ukurasa huu, ajue kwamba kuagana vizuri na mtu mmoja kungemwokolea hasara hiyo, pamoja na uwezekano wa huyohuyo kutaka kurudi baada ya miaka miwili akiwa na ujuzi zaidi.

Kwa upande wako, endelea kufika kwa wakati mpaka siku ya mwisho na ukabidhi kazi kwa maandishi, nakala moja ubaki nayo. Cheti kiombe kwa barua, si kwa mdomo, na nakala yake igongwe mhuri wa mapokezi ofisini hapo. Siku ya mwisho ikipita bila cheti, ichukue nakala hiyo uende kwa afisa wa kazi hapa Mombasa. Aghalabu barua yake moja kwa mwajiri hutosha, na usipopata haki hapo, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina kituo chake mjini.